Zulia la shenili linanyanyuka mstari mzima: lishikwe vipi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Uingereza, nafanya kazi ya kusafisha na kulinda vyumba katika jumba la kale la mashambani, huku Yorkshire. Sebule kubwa ina zulia lenye upana wa mita 7 hivi, halina mshono hata mmoja. Maelezo ya chumba yanasema ni Axminster ya shenili, na kwamba lilifumwa miaka ya 1890 kwa ajili ya jumba hili. Wageni huniuliza kama ni kazi ya mkono, sijui niwajibu nini. Halafu karibu na mlango limeanza kuharibika kwa namna nisiyoielewa: haling'oki uzi mmoja mmoja, mstari mzima wa manyoya unanyanyuka. Msimamizi anasema tusiguse. Mwenzangu anasema tukate kilichonyanyuka, tufagie, basi. Nani ana haki? Na ni kweli liko hili peke yake duniani?

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, mwambie mwenzako arudishe mkasi kabatini. Msimamizi ana haki, ila naona hakuwaeleza sababu, na watu wazima wakikatazwa jambo bila sababu hulifanya siku msimamizi yuko likizo. Ule mstari si uzi uliozidi. Ni manyoya ya zulia lenyewe, na kila sentimita mtakayoikata imekwenda, kwa sababu manyoya yale hayauzwi dukani. Tena mkikata katikati ya kilichonyanyuka, palipokuwa na kitanzi kilicholegea patakuwa na ncha mbili, na kila ncha itaendelea kufumuka upande wake.

Kwa leo fanyeni haya: zuieni njia ile kwa kamba, wageni wapite upande mwingine. Pigeni picha, rula ikiwa kando. Kama kuna kipande kimekwishakatika, kitieni kwenye bahasha ya karatasi na kuandika juu yake kimetoka wapi. Msitie gundi, msipige pasi, msijaribu kushona kwa uzi wowote mlio nao. Gundi ndiyo naiogopa kuliko mkasi. Fundi akija atashona palipokatwa, lakini palipogandishwa atakaa siku nzima akikwangua.

Sasa sababu. Zulia lenu limefumwa mara mbili, na ukilishika hilo, maswali yako yote yanajijibu.

Katika zulia la mafundo, la Uajemi au la Uturuki, mfumaji hukaa mbele ya mtande, yaani nyuzi zilizotandikwa kwa urefu, na kufunga fundo moja la sufu, kisha jingine, kisha jingine. Mchoro na zulia vinakua pamoja. Kwenye shenili mchoro hufumwa kwanza, peke yake, kwenye mtambo mwingine kabisa, na unapotoka hapo hauonekani kuwa mchoro. Nyuzi za mtande, kwa kawaida za pamba, hutandikwa kwa vikundi vidogovidogo: nyuzi chache zilizokaribiana, kisha nafasi tupu, kisha kikundi kingine, hadi mwisho wa upana. Sufu iliyokwishatiwa rangi ndiyo mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana. Mchoraji amekwisha kupaka zulia zima kwenye karatasi ya miraba, na karatasi hiyo imekatwa vipande vyembamba, mstari baada ya mstari. Mfumaji anawekewa kipande mbele yake na kukisoma kama mtu asomaye hesabu: buluu mara kadhaa, nyekundu mara mbili, kijani, rudi kwenye buluu. Kinachotoka ni kitambaa cha milia ya rangi kisicho na kichwa wala miguu.

Kitambaa hicho hukatwa kwa urefu wake, kisu kikipita katikati ya zile nafasi tupu. Kila kikundi cha nyuzi za pamba sasa ni uti wa utepe mrefu wenye matamvua ya sufu kulia na kushoto. Tepe hupitishwa kwenye mvuke na juu ya rola ya moto yenye mifereji, matamvua ya pande zote mbili yakakunjwa kuelekea juu, umbo la herufi V, uti wa pamba ukibaki chini kwenye pembe.

Hapo ndipo mtambo wa pili unapoanza, ule mpana, unaotengeneza zulia hasa. Chini kuna kitambaa kizito cha kubebea, chenye mishindio minene, mara nyingi ya juti. Mshindio wa kawaida ukipigwa, utepe wa shenili hulazwa juu yake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Wafumaji huuchana kwa chanuo na kuusogeza kidogo kidogo, ili rangi za mstari huu zikae sawa na za mstari uliotangulia, ua likutane na kikonyo chake. Kisha nyuzi nyembamba za mtande wa pekee hupita juu ya uti wa pamba, zikazama katikati ya manyoya, na kuufunga utepe kwenye kitambaa cha chini. Utepe ukifika ukingoni hugeuzwa ukarudi.

Aliyewahi kukaa barazani akitazama mkeka unavyoshonwa amekwisha kuelewa. Ukili husukwa kwanza, mrefu, nakshi zake zote zikiwa ndani, ndipo unapozungushwa na kushonwa ukawa mkeka. Uzi ulioshona ukikatika, ukili hauharibiki, unaachia tu.

Na ndicho kilichotokea mlangoni kwenu. Manyoya ya shenili hayakufungwa mafundo kwenye zulia, yamelazwa juu na kushikiliwa na zile nyuzi nyembamba. Mlangoni ndipo watu wanapogeuka, na kisigino kinachozunguka husaga kuliko kinachokanyaga na kupita. Nyuzi chache zikikatika, utepe unabaki bila mshikio kwa urefu wa kidole. Ncha ya kiatu inaukamata, unavutwa, nyuzi za jirani zinakatika, na urefu wa kidole unakuwa urefu wa mkono. Sufu yenyewe huenda ni nzima kabisa, ndiyo maana nasema kinachoonekana kama uchakavu mkubwa kinaweza kuwa kazi ndogo kwa fundi wa uhifadhi wa nguo. Ataurudisha utepe mahali pake na kuubana kwa mishono midogo inayopita juu ya uti, kwa uzi atakaouchagua yeye, na pengine ataweka kitambaa cha kuimarisha kwa chini. Hii ni kama utepe bado upo, lakini.

Uliniuliza uwajibu nini wageni wanaotaka kujua kama ni la mkono. Mimi ningewaambia kwamba limefumwa mtamboni kwa mikono mingi. Najua ni jibu lisilowaridhisha, kwa sababu wageni wanataka neno moja: la mkono maana yake la thamani, la mashine maana yake la kawaida. Mgawanyo huo haulifai zulia lenu. Mtambo ulirusha mshindio, lakini rangi zilichaguliwa na jicho la mtu aliyesoma karatasi, na kila mstari ulichanwa na kupangwa na mtu.

Mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke. Njia hii walipewa hataza yake mwaka 1839 James Templeton, aliyekuwa akitengeneza shali katika mji wa Paisley huko Uskoti, na mfumaji William Quigley. Shali za shenili zilikuwapo tayari, wao wakaipeleka mbinu hiyo kwenye mazulia. Templeton alihamia Glasgow, na kampuni yake ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za mazulia nchini Uingereza. Kiwanda chao kipya kando ya uwanja wa Glasgow Green kilichorwa na William Leiper kwa kuiga Kasri la Doge la Venisi, matofali ya rangi, madirisha ya nakshi, na bado kimesimama. Lakini tarehe 1 Novemba 1889, kikiwa kinajengwa, ukuta ulianguka juu ya mabanda ya ufumaji yaliyokuwa kando yake, na wafanyakazi 29, wanawake na wasichana, wakafa. Kama zulia lenu ni la miaka ya 1890 na limetoka Glasgow, limefumwa na wenzao. Simsemi mtu, lakini ningekuwa mwandishi wa maelezo ya vyumba ningeliweka hilo kabla ya jina la aliyenunua.

Nimesema "kama limetoka Glasgow" kwa makusudi. Shenili ilifumwa pia Kidderminster, mji mwingine wa mazulia, na neno Axminster halikusaidii kujua lilikotoka. Katika mji wa Axminster, kule Devon, Thomas Whitty alianza kufuma mazulia ya mafundo mwaka 1755. Kiwanda kilifilisika 1835, mitambo ikapelekwa mji wa Wilton. Kwa hiyo mwaka ambao Templeton na Quigley walipata hataza, mji wenyewe ulikuwa umekwisha kuacha kazi hiyo, lakini jina lilibaki na hadhi yake sokoni. Kila aliyebuni njia mpya ya kupata manyoya mazito yenye rangi nyingi alijibandika jina hilo. Katika orodha za mali za majumba utakuta "Axminster" tatu ambazo hazina undugu: la mafundo, la shenili, na lile la mtambo uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1870.

Namna ya kuzitofautisha ni kutazama mgongo, na hii mfanye wawili, kwa ruhusa, mkiinua pembe moja tu kwa upole. Zulia la mafundo linakuonyesha mchoro wake nyuma, ukiwa wazi karibu kama mbele. Shenili haionyeshi, kwa sababu rangi zote ziko juu. Nyuma utaona mishindio minene ya kahawia na nyuzi za mtande. Kisha rudi mbele, panua manyoya kwa vidole viwili. Ukiona mistari inayokwenda upana wote wa zulia, na katikati ya kila mstari uti mwembamba wa pamba, umemaliza kazi.

Sasa ule upana usio na mshono. Wakati huo mazulia mengi ya majumba, ya aina zinazoitwa Brussels na Wilton, yalifumwa kwa vipande vya inchi 27, yaani sentimita 69 hivi, vikashonwa pamoja kuenea chumba. Vilevile idadi ya rangi ilikuwa na mpaka. Katika Wilton kila rangi inayotumika sehemu fulani husafiri ndani ya mwili wa zulia hata pale isipoonekana, kwa hiyo zikizidi tano au sita, zulia linanenepa na bei inapanda. Shenili haina taabu hiyo: rangi inaingia kama mshindio pale inapotakiwa, kisha inakatwa. Mchoraji anaweza kuweka vivuli vya waridi vingapi apendavyo. Na mtambo wa pili uliweza kufanywa mpana sana, zaidi ya mita 9. Ukitaka zulia moja kubwa la chumba kizima bila mshono, njia nyingine ilikuwa ya mafundo, yaani miezi au miaka ya mikono mingi. Zulia la ukumbi wa Waterloo Chamber katika kasri la Windsor lilifumwa hivyo kwa ajili ya Malkia Victoria na wafungwa wa gereza la Agra huko India. Kasri lilipoungua 1992 walihitajika wanajeshi 50 kulitoa. Mwenye jumba la Yorkshire hakuwa na gereza la kumfumia. Alikuwa na katalogi.

Hapo tunafika kwenye swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo zuri kuliko yote. Maneno "lilifumwa kwa ajili ya jumba hili" yanaweza kuwa kweli kabisa na bado zulia likawa na pacha. Rudi kwenye mtambo wa kwanza. Kitambaa kile cha milia, kikikatwa, hakitoi utepe mmoja. Kinatoa tepe kadhaa zinazofanana rangi kwa rangi, moja kwa kila kikundi cha mtande. Kila utepe unaweza kwenda kwenye zulia lake. Kwa hiyo kufuma zulia moja tu la shenili kulikuwa na gharama, na kiwanda chenye akili kilijua pa kupeleka tepe zilizobaki: sehemu nyingine ya zulia lilelile kama mchoro unajirudia, zulia la chumba cha pili, au mteja mwingine. Ndiyo maana shenili ilipendwa na mahoteli makubwa, waliohitaji mazulia mengi yenye sura moja. Tazama mchoro wa kwenu. Je, nusu ya juu ni kivuli cha nusu ya chini? Pembe nne ni ndugu? Kama ndivyo, mmekwisha kuona uchumi wa kitambaa kile kazini.

Dalili za kuwa liliagizwa mahsusi ni nyingine. Shenili iliweza kufumwa kwa umbo la chumba, kwa hiyo angalia pale penye meko ya kuotea moto na pale dirisha linapotokeza nje. Kama pambo la ukingoni linazunguka meko bila kukatwa ua katikati, na ukingo pale ni wa kufumwa, aliyelichora alikuwa na ramani ya sebule yenu mezani. Kama ua limekatwa nusu na ukingo umefungwa kwa utepe wa kushona, zulia lilikuja kubwa likapunguzwa, au lilitoka chumba kingine. Nimeona maelezo mengi ya vyumba yanayosema "mahsusi" kwa sababu tu familia ilisema hivyo. Ankara husema kweli kuliko familia. Mwulize msimamizi kama hesabu za jumba za miaka ile zipo. Kumbukumbu za kampuni ya Templeton, pamoja na za Stoddard, kampuni iliyoirithi na kufungwa 2005, zimehifadhiwa Glasgow, chuo kikuu cha huko kikiwa miongoni mwa watunzaji. Na Kidderminster kuna makumbusho ya mazulia, yaliyofunguliwa 2012.

Kuhusu kazi yako ya kila siku, nitasema machache ambayo ni ya shenili hasa, kwa kuwa mengine umekwisha kufundishwa.

Mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi inayozunguka isiingie chumba kile. Brashi hiyo inafanya kazi ya kisigino kwa kasi ya mashine. Tumia ya kufyonza tu, nguvu ndogo, mdomo wake ukiwa umefunikwa kwa wavu mwembamba, na upitishe kwa kufuata mistari, yaani kutoka ukingo hadi ukingo kwa upana. Ukienda kinyume unayachomoa matamvua kwenye uti wake. Sehemu iliyonyanyuka usiipitie kabisa.

Maji hapana. Watu hufikiri zulia la sufu huoshwa tu, lakini humu kuna sufu, pamba na juti, na kila kimoja hujikunja kwa namna yake kikilowa. Juti ikilowa hutoa rangi ya kahawia inayopanda juu ya manyoya. Kikimwagika kinywaji, kandamiza kwa kitambaa cheupe kikavu na mwite msimamizi, usisugue.

Nondo wanakula sufu na kuacha pamba. Katika zulia la kawaida utaona kipara. Katika shenili utaona kitu cha ajabu kidogo: mistari myeupe iliyonyooka, nyuti za pamba zimebaki zimepangana bila nywele. Tafuta chini ya kabati na makochi, penye giza na pasipopitwa, maana huko ndiko wanakotaga. Zulia dogo hugandishwa kwenye baridi ya nyuzijoto 30 chini ya sifuri kwa siku 3, na shida inakwisha. La mita 7 ni mradi wa kukodi friji ya lori, kwa hiyo mitego na tochi mara kwa mara ni nafuu kuliko ujasiri.

Mwanga nao haurudi nyuma. Majumba mengi ya kale hulenga luksi 50, kipimo cha mwanga, kwa nguo na mazulia. Kufikia miaka ya 1890 watia rangi walikuwa na rangi nyingi za kemikali, tangu William Perkin alipogundua zambarau yake London mwaka 1856, na baadhi ya hizo hupauka kwa aibu. Siku mtakaposogeza kabati, linganisha chini yake na pembeni, utajua waridi ile ya kijivujivu ilikuwa nini. Usihuzunike, wala usikubali mtu akuambie "irudishwe rangi". Katika Brodsworth Hall, hukohuko Yorkshire, English Heritage, watunzaji wa majengo ya kale, walipoipokea nyumba 1990 waliamua kuhifadhi vitu kama walivyovikuta, kupauka na kuchakaa vikiwamo, na mimi nawaunga mkono. Ukiwa huru siku moja nenda, utazame wanavyolinda njia za wageni.

Na njia ya wageni ndiyo ningeizungumza na msimamizi wako kabla hata fundi hajaja. Kushona bila kuhamisha miguu ni kulipa mara mbili. Siku hizi kuna matandiko ya kinga yanayochapishwa picha ya zulia lenyewe, ua kwa ua, yakatandazwa juu ya pale panapopitwa. Ukiwa mbali huyaoni. Yakishindikana kwa bei, hata kuhamisha kamba kwa mita moja na nusu ili wageni wageukie kwenye mbao badala ya kwenye zulia kutasaidia. Kama fundi ataamua kuliondoa kwa matengenezo, lizungushwe kwenye bomba nene, manyoya yakiwa nje, bomba likilala sambamba na mistari ya shenili, na lisikunjwe hata mkunjo mmoja. Mtahitaji watu wengi kuliko mnavyodhani. Kabla ya siku hiyo pima mlango.